Ninunue mashine za kupimia mbwa wangu wa mbio?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, nimeolewa huku Kent, Uingereza, na huu ni mwaka wa kumi na tatu. Mume wangu alikulia kwenye mabanda ya grehaundi, wale mbwa wembamba wa mbio. Marehemu baba yake alikuwa mfunzaji. Mimi nilianza kwa kufagia mabanda na kupika chakula cha mbwa. Leo leseni ya mfunzaji iko kwa jina langu na tuna mbwa kumi na wanne. Mama yangu nyumbani hata sasa bado hushangaa akisikia kwamba nakanda misuli ya mbwa kila asubuhi kama mtu anayemkanda mzazi, lakini ndiyo kazi yangu, na wanyama hawa nawapenda.

Oktoba iliyopita mbwa wangu bora, jike tuliyemwita Zuhura, alivunjika kiwanjani. Alikuwa akikimbia mita 480 kwa sekunde 29.40 hivi. Kisha mbio tatu mfululizo akawa anamaliza kwa 29.70. Nilimkagua mwili mzima nisione kitu. Hakuchechemea, alikula vizuri, mkia ulicheza kila aliponiona. Nikasema labda amechoka, labda ni baridi. Mbio ya nne, kona ya kwanza, kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia kikavunjika. Nilisikia mlio wake kutoka nilipokuwa nimesimama. Alipasuliwa, akawekwa skrubu, na sasa anaishi na familia moja iliyompenda, analala kwenye kochi mchana kutwa. Yeye yuko salama. Mimi ndiye sijapona. Kila usiku najiuliza ni nini sikukiona.

Jambo jingine. Kabla hajavunjika, alipoanza tu kupungua kasi, nilimpeleka kliniki akatolewa damu. Daktari aliyekuwa zamu akaniambia homoni ya tezi ya shingo iko chini, na damu ni nzito mno, huenda hanywi maji ya kutosha. Akampa vidonge. Nilianza kumpa nikidhani tumepata jibu. Kumbe wapi.

Sasa amekuja muuzaji wa vifaa. Ana kifurushi cha vitu vitatu: kamera ya joto, altrasaundi ndogo ya kubeba mkononi, na mashine ya mezani ya kupima damu. Jumla ni pauni 7,000, nitalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Ananiambia kama ningekuwa na ile kamera, mguu wa Zuhura ungeonekana umewaka mwekundu wiki nzima kabla. Maneno hayo yamenikaa kifuani. Mume wangu anasema baba yake alifuga miaka arobaini kwa mikono yake miwili na saa ya kupimia mbio. Kuna mzee jirani, naye ni mfunzaji, aliposikia bei alicheka akaenda zake. Lakini wao hawakukaa na Zuhura nyuma ya gari usiku ule.

Na sasa kuna dume wa miaka mitatu, tunamwita Kipepeo. Mbio mbili zilizopita amepungua kama sekunde 0.20, na mume wangu ameona kwamba kwenye kona anapanuka, hashiki ukingo wa ndani kama zamani. Nimemkagua, sijaona kitu. Amepangwa kukimbia Jumamosi. Kliniki inataka pauni 310 kwa eksirei ya vifundo vyote viwili pamoja na dawa ya kumtuliza.

Daktari, vifaa hivi vina faida kwa mtu kama mimi, au nadanganywa? Na kamera ile, ingeniokolea Zuhura?

Mama wa Kumi na Wanne,
Kent

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Kuhusu Kipepeo nilikujibu siku ile ile barua yako ilipofika, na narudia hapa kwa ajili ya wengine: mwondoe Jumamosi. Zile pauni 310 zilipe kabla hujalipa kitu kingine chochote. Mbwa aliyepunguza kasi mara mbili na kuanza kupanuka konani ana jambo analolikwepa, na nyinyi wawili mmeshaliona kwa macho yenu. Hapo Uingereza urefu wa mbwa mmoja huhesabiwa sekunde 0.08, kwa hiyo sekunde 0.20 ni urefu wa mbwa wawili na nusu. Zuhura alikuwa amepoteza karibu wanne. Kwa mbio zinazokwisha chini ya nusu dakika, hilo ni pengo kubwa, ilimradi unatumia muda uliokwisha kurekebishwa kwa hali ya kiwanja siku hiyo, si muda mbichi wa saa. Mchanga mzito humchelewesha kila mbwa. Akichelewa wako peke yake, si mchanga.

Sasa swali lako la mwisho, maana ndilo lililokuandikisha barua. Kamera ya joto ingemwokoa Zuhura? Yule muuzaji hawezi kulijua hilo, wala mimi. Ninachojua ni namna mfupa ule unavyovunjika, na nataka ukielewe, kwa sababu ukikielewa utajua pesa zako ziende wapi.

Grehaundi hukimbia kuzunguka kushoto, kinyume cha mshale wa saa, maisha yake yote ya mbio. Kwenye kona mwili hulalia ndani na miguu ya upande wa nje hubeba mzigo wa kusukuma. Ndani ya kifundo cha mguu wa nyuma kuna mifupa midogo iliyopangwa kama matofali, na mmoja wao, ule wa katikati, hubanwa kila kona, kila mazoezi. Mfupa ni kitu hai. Ukibanwa hujijenga upya uwe mgumu zaidi. Mifupa ya mbwa hawa imechunguzwa, na ule wa katikati wa kulia hukutwa umekuwa mzito kuliko wa kushoto, mbwa yule yule mmoja. Tatizo ni kwamba kujijenga upya huanza kwa kubomoa. Mwili hula mfupa wa zamani kwanza, halafu huweka mpya, na kazi hiyo huchukua majuma mengi. Mbio zikifululiza kabla fundi hajamaliza, nyufa ndogo zisizoonekana huungana, na siku moja, konani, mfupa hupasuka. Watu wote kiwanjani huona ajali ya ghafla. Kwa kweli ilikuwa ikijengeka kwa muda mrefu, na ndiyo maana kifundo cha kulia cha nyuma kinaongoza kwa kuvunjika katika mchezo huu.

Mbwa mwenye nyufa hizo mara nyingi hachechemei. Akitembea yuko sawa, akikimbia mchakamchaka yuko sawa. Maumivu humjia pale tu anapobeba mzigo wote kwenye kona kwa kilomita zaidi ya 60 kwa saa, naye hufanya kitu cha busara kabisa: hupunguza kidogo, au hujipanua ili kona isiwe kali. Kwa maneno mengine, Zuhura alisema. Alisema mara tatu, kwa lugha ya saa. Sikwambii hivi ili nikuongezee uchungu. Nakwambia kwa sababu kifaa kilichomsikia tayari kilikuwa mkononi mwako, na sasa Kipepeo anasema maneno yale yale.

Kamera ya joto husoma joto la ngozi na manyoya, basi. Haioni mfupa. Kama chini ya ngozi kuna uvimbe unaochemka, huenda upande ule ukaonekana moto kuliko mwenzake. Lakini mbwa aliyelala ubavu mmoja kwenye godoro huwa na ubavu moto. Mbwa aliyetoka juani, aliyevuliwa koti sasa hivi, mwenye mguu uliolowa, aliyefungwa bandeji jana, wote watakupa rangi za kuvutia ambazo hazina maana. Ukitaka kamera hiyo ikwambie ukweli, inabidi mbwa asimame chumba kile kile, pasipo upepo, baada ya kutulia kama nusu saa, kila siku au angalau mara kadhaa kwa juma, mpaka uwe na picha nyingi za siku alizokuwa mzima. Hapo ndipo picha ya siku ya ugonjwa itakuwa na kitu cha kulinganishwa nayo. Mbwa kumi na wanne, watu wawili: hesabu mwenyewe hizo saa. Na baada ya yote itakwambia tu "hapa kuna joto". Kidole gumba chako kinaweza kukwambia hivyo.

Altrasaundi ni chombo kizuri sana, na ningekuwa mwongo nikikidharau. Kwa msuli uliochanika hakina mpinzani. Grehaundi huchana ule msuli mrefu wa ndani ya paja, na damu hujikusanya mpaka paja linakuwa na mfuko. Altrasaundi huonyesha mpasuko ulivyo mkubwa na baada ya majuma huonyesha kama umeziba. Ila mashine haisomi picha. Nimeona madaktari wenzangu, watu wenye shahada, wakihangaika mwaka mzima kabla hawajaweza kuona msuli kwenye ule ukungu wa kijivu. Wewe utainunua, utapaka jeli, utatazama, hutajua unachotazama, na baada ya miezi mitatu itakaa kabatini huku ukiilipia. (Usiichanganye na ile altrasaundi ya tiba ambayo mabanda mengi tayari wanayo. Ile hupasha msuli moto kwa ajili ya tiba, haionyeshi picha yoyote.)

Nakuja kwenye damu, na hapa nina mengi ya kusema, maana kilichompata Zuhura nimekiona kikiwapata wengi.

Damu ya grehaundi haifanani na ya mbwa wengine. Kwa mbwa wa kawaida, chembe nyekundu huchukua sehemu kama 37 hadi 55 kwa mia ya damu yote. Grehaundi mzima kabisa huwa na 50 hadi 65. Mwili wake umejengwa hivyo ili abebe oksijeni nyingi. Daktari asiyezoea mbwa hawa akiona 61 huandika "amekaukiwa maji". Chembe nyeupe zake huwa chache kuliko za mbwa wengine, na zile chembe ndogo za kugandisha damu pia ni chache. Asiyejua hutafuta ugonjwa wa uboho. Kreatinini, taka ya msuli ambayo figo huichuja, huwa juu kwa sababu ya wingi wa msuli. Asiyejua huanza kuzungumzia figo. Na ile homoni ya tezi ya shingo, T4, kwa grehaundi mwenye afya mara nyingi huwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya maabara, wakati mwingine chini kabisa, naye hana shida yoyote. Grehaundi wengi wamemezeshwa vidonge vya tezi ambayo haikuwa na ugonjwa.

Nilipoanza kazi katika kliniki iliyokuwa ikihudumia mabanda ya mbio, mwaka wangu wa kwanza, nusura nifanye hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshaandika dawa. Muuguzi mzee wa kliniki ile alinishika mkono, akanitolea bahasha ya majibu ya grehaundi thelathini waliokuwa wazima, akanipangia mezani. Wote walikuwa chini. Wote. Kwa hiyo simlaumu sana yule daktari wako, lakini nataka uelewe kosa lilikuwa wapi: mashine ilipima sawasawa, na msomaji akalinganisha na mbwa wa aina nyingine. Sasa mashine hiyo ikiwa mezani kwako, itakuchapia karatasi yenye mishale ya juu na chini, na kama haina viwango vya grehaundi, kila mbwa wako atatoka mgonjwa.

Kuna na jambo la wakati. Grehaundi akisisimka, wengu wake hujikamua na kumwaga chembe nyekundu kwenye mshipa. Damu uliyoitoa amelala asubuhi na ile uliyoitoa baada ya kuliona gari la kwenda kiwanjani ni kama za mbwa wawili tofauti. Vimeng'enya vya msuli navyo hupanda baada ya kila mbio. Ukipima jioni ya mbio utashtuka bure.

Basi damu haina faida? Ina faida kubwa, ikitumika hivi: mara moja au mbili kwa mwaka, mbwa akiwa mzima, asubuhi ametulia, daktari wako atoe damu na karatasi ihifadhiwe kwenye faili la mbwa huyo. Siku akiugua, unalinganisha Kipepeo na Kipepeo. Maabara nzuri itafanya kazi hiyo, nawe hutakuwa na mashine inayohitaji kusafishwa, kurekebishwa na kununuliwa vitendanishi vinavyokwisha muda wake.

Kipimo kimoja cha mwili kisichohitaji mashine hata kidogo ni rangi ya mkojo. Mbwa akitoka mbioni akawa mgumu mgongoni, anatetemeka, anahema asitulie, na mkojo wake ukatoka mwekundu au rangi ya chai ya rangi, hapo msuli unayeyuka na kuingia kwenye damu, na figo ziko hatarini. Usipime kitu. Mpigie daktari usiku huo huo, anahitaji maji ya mshipani.

Nikiwa na pauni 7,000 zako na mbwa wako kumi na wanne, kwanza kabisa ningenunua mizani nzuri ya jukwaa, ile ya kusimama mbwa mzima. Unajua kanuni: mbwa akitofautiana zaidi ya kilo 1 na uzito wa mbio yake ya mwisho, haruhusiwi kukimbia. Wafunzaji wengi wanaichukulia mizani kama askari wa kiwanjani. Mimi naichukulia kama chombo cha uchunguzi. Mbwa anayepungua gramu 300 juma hili na 300 juma lijalo, chakula kikiwa kile kile, ana jambo, na umelijua siku kumi kabla ya yeyote kiwanjani. Pima kila juma, siku ile ile, kabla hajala, uandike.

Themomita ya dukani inatosha. Mbwa aliyetulia huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi. Baada ya mbio grehaundi huweza kupita 41, na hilo si ugonjwa bali injini, kwa hiyo kipimo cha maana ni cha asubuhi, amelala usiku kucha. Ukikuta 39.6 asubuhi ya siku ya mbio, umeshapata jibu la siku hiyo.

Kisha simu yako. Ina uwezo wa kupiga video ya mwendo wa polepole, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo mashine bora ya uchunguzi katika banda lolote, na hakuna muuzaji atakayekuja kukuuzia kwa sababu tayari unayo. Mpige mbwa anapokuja kwako na anapoondoka kwenye sakafu ngumu, akitembea, halafu akikimbia mchakamchaka. Mpige kwenye mazoezi, akitoka konani. Fanya hivyo sasa, angali mzima. Jicho halikumbuki mguu ulivyokuwa ukitua mwezi uliopita, video inakumbuka.

Kifaa cha kupima asidi ya misuli kwa tone la damu ningekiacha. Mbio za sekunde thelathini huipandisha kwa kila mbwa. Ukishajua imepanda utafanya nini? Hilo ndilo swali ninalotaka umwulize kila muuzaji atakayefika mlangoni: nikipata jibu hili, nitafanya nini ambacho nisingefanya bila kuwa nalo?

Eksirei usiifikirie kabisa kuinunua, hata ikija ile ya kubeba mkononi. Mionzi ina sheria zake huko, lazima kusajiliwa na kuwa na mshauri wa kinga, na zaidi ya hayo kutamka ugonjwa wa mnyama, kwa Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya 1966, ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Lakini kuipiga kliniki, ndiyo, na mara nyingi kuliko wafunzaji wanavyofanya. Kwa bei ya kliniki yako, zile pauni 7,000 ni eksirei za mbwa ishirini na wawili, kila mmoja vifundo viwili, na masalio yanabaki. Omba vyote viwili vipigwe kwa mkao ule ule, ili wa kulia ulinganishwe na wa kushoto. Na ujue mapema kwamba nyufa changa huweza kujificha kwenye eksirei. Skani ya CT huziona vizuri zaidi. Kwa hiyo eksirei ya Kipepeo ikitoka safi na saa bado inasema amepungua, isikuruhusu kumkimbiza. Mpumzishe, urudie baada ya majuma machache. Eksirei safi imewavunja mbwa wengi kwa namna hiyo: mfunzaji alikuwa na wasiwasi, picha ikamwondolea wasiwasi, mbwa akapangwa mbio.

Hilo ndilo linalonitisha kuhusu kifurushi kile, kuliko hata bei. Mfunzaji mwenye mkopo wa miaka mitatu anahitaji mbwa wakimbie. Kamera ikionyesha bluu, atasema "si umeona, hana kitu". Mashine itakuwa imegeuka kibali. Mimi kifaa nakipima hivi: je, kitaniongezea sababu za kumwacha mbwa nyumbani siku anapotakiwa kubaki nyumbani? Kama kitaniongezea tu sababu za kumpeleka, sikitaki bandani mwangu.

Nikuambie na jambo la kliniki, ulichukue kama dai na si kama ombi. Kabla hawajamtuliza au kumlaza mbwa wako, uliza kama wamezoea grehaundi. Wana mafuta machache mwilini na ini lao huondoa baadhi ya dawa za usingizi polepole. Zile za jamii ya thiopentali huweza kuwalaza muda mrefu wa kutisha. Na kila dawa aliyopewa, hata ya kutuliza kwa ajili ya picha, iandike kwenye daftari la matibabu pamoja na tarehe, umwulize daktari mbwa akae siku ngapi kabla ya kurudi mbioni. Sampuli ya mkojo inayochukuliwa kiwanjani kutafuta dawa zilizokatazwa haijui nia yako ilikuwa njema.

Mtafute daktari mmoja anayewajua mbwa hawa, hata kama yuko mwendo wa saa moja na nusu, umlipe aje bandani mara moja kwa miezi miwili awakague wote kumi na wanne. Mkiungana wafunzaji watatu, gharama ya safari yake mtaigawana. Hapo ndipo altrasaundi inapopata maana, maana atakuja nayo yake na macho ya kuisomea. Mabanda makubwa yenye mbwa sitini na zaidi, yenye muuguzi wa kuajiriwa, hayo yanaweza kununua mashine zao na zikajilipa. Sisemi kifaa ni kibaya. Nasema kwa ukubwa wako kinakununua wewe.

Na kwa kuwa umetaja miaka mitatu, tazama pia upepo wa mchezo wenyewe. Crayford, kiwanja kilichokuwa jirani yako, kilifungwa Januari 2025. Serikali ya Wales ilitangaza Februari mwaka huo huo kwamba mbio hizi zitapigwa marufuku huko. New Zealand ilitangaza mwisho wa mchezo huu Desemba 2024. Kiini cha hoja kote huko ni kuumia kwa mbwa. Ningekuwa wewe, nisingejifunga mkopo mrefu katika kazi hii kwa sasa, na pesa niliyo nayo ningeiweka palepale hoja ilipo. Ule mpango wa GBGB, bodi inayosimamia mbio za grehaundi huko Uingereza, wa kuchangia matibabu ya mbwa aliyevunjika kiwanjani, ulioanza Desemba 2018, uujue vizuri na karatasi zake uziweke tayari, ili siku ya balaa, Mungu apishe mbali, usianze kutafuta fomu.

Sasa mikono. Ulisema ulimkagua Zuhura hukuona kitu, na nakuamini. Ila nieleze: ulimkagua lini? Wengi hukagua jioni ile ile ya mbio, misuli ingali moto, mbwa angali na msisimko. Wakati huo hata mguu mbovu hunyamaza. Kagua kesho yake asubuhi, kabla hajatolewa nje kukimbia. Anza shingoni uende nyuma, kila mara mguu wa kulia halafu wa kushoto, sehemu ile ile. Vidole, utando wa katikati ya vidole, kucha. Kifundo cha mbele kikunje mpaka mwisho. Cha mbwa mzima hukunjika bila kulalamika. Ukifika kifundo cha nyuma, kikunje mpaka mwisho ukishikilie hapo kidogo, kisha weka kidole gumba upande wa mbele, kuelekea ndani, chini kidogo ya kiungo, ubonyeze taratibu. Usitazame mguu. Tazama masikio na macho. Mbwa mpole kama Zuhura hatalia wala kuuvuta mguu. Ataacha tu kuhema kwa sekunde moja, au atageuza kichwa akutazame. Fanya hivyo kushoto, uone kama anakutazama tena.

Jambo hili halifundishiki vizuri kwa maandishi. Kwa hiyo yule mzee jirani aliyecheka na kwenda zake, mfuate. Mpelekee Kipepeo baada ya eksirei, yale majibu ukiwa nayo mkononi lakini usimwambie, umwombe amkague mbele yako, polepole, na akuwekee kidole chako mahali anapoweka chake.